Kibati Chenye Tone la Njano

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa yule mgeni kilikuwa ukucha wa kidole gumba. Kucha nyingine zote alikuwa amezikata hadi kwenye nyama. Huo mmoja, wa mkono wa kulia, aliuacha mrefu, akaisugua ncha yake ikawa butu kama ya kijiko.

Mpaka rangi wetu wa magari naye aliuona. Akaninong'oneza, "Kopo, ule ukucha ni wa kufungulia soda?"

Sikucheka. Tangu Kaka atutoke hakuna aliyecheka kwa sauti pale gereji, hata mpaka rangi mwenyewe, ambaye zamani alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza kusema.

Kwa ambaye Jumamosi iliyopita gazeti lake lilichukuliwa na jirani, akaikosa simulizi hii: naishi kwa Mjomba, ndugu yake marehemu mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Nimekulia kwenye gereji ya Mjomba, nyuma ya nyumba yake. Kazi yangu ni kutunza vitu vidogo. Gari likifunguliwa, kila boliti, kila klipu, kila skrubu inaingia kwenye kopo langu la maziwa ya unga. Gari likifungwa, kila kitu kinarudi kilikotoka. Ndiyo maana wananiita Kopo.

Kaka alikuwa mtoto wa pekee wa Mjomba. Watu wangemwita binamu yangu, mimi sikuwahi. Miezi saba iliyopita alikwenda kwenye mashindano ya kupanda mlima na gari lake jeupe. Kwenye kona ya tano likaruka nje ya barabara. Wenye mashindano waliandika maneno mawili: mwendo kasi.

Niliwaandikia pia kwamba asubuhi ile, kabla hajawasha gari, Kaka aliniuliza, "Una neno?" nami nikasema, "Sina." Mkasoma, mkapita. Mimi sijapita bado.

Sasa nirudi kwa mwenye ukucha.

Aliletwa na Daktari. Daktari ni wa meno, mteja wetu wa miaka mingi. Naye ana gari jeupe la Kijapani la mbio, pacha kabisa wa lile la Kaka. Ameamua kuliuza. Mnunuzi yuko mbali, akatuma mtu wake anayeyajua magari hayo alikague kwanza. Mpaka rangi akambatiza papo hapo: Mtaalamu.

"Karibu, Daktari," Mjomba akasema, huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Gari linasumbua?"

"Sijui. Muulize huyu."

Daktari hakumtazama Mjomba usoni. Nikajua hapa kuna jambo. Mtu aliyezoea kuchungulia vinywa vya watu akikataa kutazama uso, si bure.

"Habari ya kazi, mzee," Mtaalamu akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Naomba boneti uifungue wewe mwenyewe. Sipendi kugusa kitu mwenyewe haoni."

Mjomba akafungua. Mtaalamu akakunja mikono ya shati, akainama.

"Mzee, haya magari unayajua."

"Nimeyafungua mengi."

"Basi unajua Wajapani waliyatoa ya aina mbili. Kwa macho ni yale yale. Taa zile zile, bawa lile lile la nyuma, rangi ile ile. Moja la mtu wa kawaida anayependa kukimbia. Lina redio, lina kiyoyozi, vioo vinapanda kwa umeme. La pili la mashindano. Hilo lilitoka kiwandani uchi. Hakuna redio, hakuna kiyoyozi, vioo unazungusha kwa mkono kama unasaga. Jepesi. Na ni machache."

"Langu ni jepesi," Daktari akasema. "Karatasi zangu zinasema jepesi."

"Vioo vinasema jepesi," Mtaalamu akakubali. "Milango inasema jepesi. Kibati ndicho kinakataa."

Akaelekeza ule ukucha wake kwenye kibati.

Kibati ni kipande cha bati kisichozidi kiganja cha mtoto. Kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kina mistari mitatu ya herufi na namba. Wengi hawakijui, wanaliendesha gari miaka kumi hawajawahi kukisoma. Lakini hicho ndicho kinachosema gari ni toleo gani hasa, na ukitaka vipuri kutoka Japani, hizo ndizo namba unazotuma.

"Herufi ya tano," Mtaalamu akasema. "Lingekuwa jepesi, hapa pangekuwa na K. Hapa pana P. P ni gari la kawaida."

"Haiwezekani," Mjomba akasema.

"Soma mwenyewe, mzee."

Mjomba akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwenye ovaroli, ikazidi kuchafuka. Akasoma tena.

"Kuna watu," Mtaalamu akaendelea polepole, "wanachukua la kawaida, wanalivua kila kitu, wanatia milango ya vioo vya kuzungusha, wanaliuza kama jepesi. Sisemi ni wewe."

"Mimi ndiye ninasema," Daktari akadakia.

Mpaka rangi akaizima pampu yake.

"Mwaka jana magari mawili yalikuwa humu ndani kwa pamoja," Daktari akasema. "Langu na la mwanao. Yote meupe, yote yamekuja kupakwa rangi upya. Mwanao alikuwa anajiandaa kwa mashindano. Gari langu jepesi ukampa yeye akapande nalo mlima. Mimi ukanirudishia lake, ukiwa umelivalisha milango yangu. Ndivyo ilivyokuwa, Fundi?"

Mjomba aliishika ile boneti kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda cha mgonjwa.

"Daktari," akasema. "Mwanangu yuko chini ya udongo."

"Najua. Nilikuja kuzika."

"Basi usimwite mwizi wakati hawezi kukujibu."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipoanza kurudi nyuma. Kwa sababu Daktari alikuwa amekosea, na Mjomba alikuwa amesema kweli, na mtu pekee pale ndani aliyeijua habari yote alikuwa amesimama nyuma ya meza na kopo la maziwa kifuani.

Lazima niwaambie habari za lile kopo.

Gari likipakwa rangi upya, kibati hubanduliwa kwanza ili kisipakwe. Kwa hiyo siku zile vibati viwili vilikuja kwenye kopo langu: cha Daktari na cha Kaka. Nilivifunga kila kimoja na uzi wake, mwekundu wa Daktari, mweusi wa Kaka. Nikavilaza.

Siku ya kuvirudisha, Kaka akaniambia, "Kopo, ving'arishe kidogo, vimekuwa kama sahani za msibani." Nikavifungua nyuzi, nikavisafisha kwa petroli. Nikavilaza juu ya gazeti mezani: cha Daktari kushoto, cha Kaka kulia. Kwenye pembe ya kile cha Daktari palikuwa na tone dogo la rangi ya njano, gumu, halikutoka. Nikaliacha.

Mpaka rangi akaniita nikamshikie taa. Nilipomaliza nikarudi mezani.

Nikarudi kwa upande wa pili wa meza.

Hilo tu. Nilikuwa nimezunguka gari, nikatokea ng'ambo. Kushoto kwangu kukawa kulia. Nikachukua cha kushoto nikakipiga ribiti kwenye gari la Daktari, nikachukua cha kulia nikakipiga kwenye gari la Kaka. Nikajisifu moyoni kwamba ribiti zimekaa sawa.

Siku ile sikujua. Naapa kwa mama yangu sikujua.

Sasa Mtaalamu alikuwa anaomba petroli kidogo na kitambaa.

"Kibati kinabanduka," akasema. "Namba ya chesisi haibanduki. Imegongwa kwenye chuma chenyewe. Tatizo mliipiga rangi nzito, imezibwa."

Akalowesha, akasubiri, akaanza kukwangua kwa ule ukucha. Taratibu sana, kama mtu anayetoa tongo kwenye jicho la mtoto. Rangi nyeupe ikatoka kama maganda. Namba moja. Nyingine. Daktari akakunjua karatasi zake za kuingizia gari nchini, akawa anafuatilia kwa kidole.

"Saba," Mtaalamu akasema.

"Saba," Daktari akasema.

"Sifuri. Mbili. Mbili tena. Tisa."

Daktari akakunja karatasi. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Gari ni lako," Mtaalamu akamwambia. "Ni jepesi, la kweli kabisa, halijabadilishwa hata mlango. Kibati ndicho si chake."

"Fundi..." Daktari akaanza.

"Endelea na kazi," Mjomba akamwambia Mtaalamu, kama hakusikia.

"Kibati chake kiko wapi basi? Bila hicho mnunuzi hachukui," Mtaalamu akasema.

"Nakikumbuka kibati changu," Daktari akasema kwa sauti ndogo. Sasa alikuwa na hamu ya kusaidia, kama mtu aliyemwaga maji sebuleni kwa watu. "Kilikuwa na tone la njano kwenye pembe. Mwanangu mdogo aliniuliza kama gari limekula yai."

Hakuna aliyecheka. Wote tuligeuka kutazama upande mmoja, bila kuambiana.

Nyuma ya gereji, karibu na ukuta, kuna turubai la kijani. Chini yake lipo gari la Kaka. Lililetwa pale siku tatu baada ya mazishi, na tangu siku hiyo turubai halijainuliwa. Mke wa Mjomba, ninayemwita Mama, kila Jumatatu asubuhi huja na ufagio mdogo kulifagia majani yaliyoangukia juu yake. Anafagia, anarudi jikoni. Hainui hata pembe.

"Si lazima," Mtaalamu akasema. Nadhani alishaelewa ni nini kile.

"Ni lazima," Mjomba akasema. "Umesikia nimeitwa nani hapa leo. Kopo, njoo nishikie."

Tukainua. Mjomba upande huu, mimi upande ule. Turubai lilikuwa limegandamana na bati, likatoka kwa sauti ya nguo inayochanika. Sitaeleza nilichokiona. Kiatu kimoja cha Kaka kilikuwa bado mle ndani.

Boneti ilikuwa imekunjwa kama karatasi, lakini nyuma yake, kwenye ukuta wa chuma, kibati kilikuwa kizima hakina hata mkwaruzo. Kinang'aa. Nilikuwa nimekisafisha vizuri.

Kwenye pembe palikuwa na tone la njano.

"Ndicho!" Mtaalamu akasema, na kwa sekunde moja alifurahi kama mtu aliyeokota funguo zake. "Herufi ya tano K. Mzee, jina lako limesafika. Vilibadilishana tu wakati wa rangi. Hii ni bahati mbaya, si wizi."

Daktari akampa Mjomba mkono. Mjomba akaupokea. Mabega yake yakashuka kidogo, na mimi nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

Ningetamani gazeti liishie hapo. Niweke kalamu, nioshe kopo, mambo yaishe.

Lakini Mtaalamu alikuwa mtu wa kazi yake. Macho yake yalishashuka kwenye gurudumu la mbele lililopinda. Springi ilikuwa imechomoza nje. Akachuchumaa, akaifuta vumbi kwa kidole. Chini ya vumbi pakatokea mistari miwili midogo ya rangi, ya kiwandani.

"Mzee, springi hizi zilitoka wapi?"

"Niliagiza Japani. Mpya. Wiki moja kabla ya mashindano zikafika."

"Uliagiza kwa namba ipi?"

"Kwa namba ya kib..."

Mjomba hakulimalizia lile neno.

Mtaalamu akasimama. Akajifuta mikono iliyokuwa safi. "Tumalize mambo ya Daktari, mzee. Hili tuliache."

"Sema."

"Mzee, nakuomba."

"Umekuja kukagua. Kagua."

Mtaalamu akatazama chini. "Hizi ni springi za gari jepesi. Zinaingia vizuri tu, tundu ni lile lile, huwezi kuona tofauti. Lakini ni laini. Zimetengenezwa kwa gari lisilo na kitu ndani. Hili lina kiyoyozi, lina mota za vioo, lina mazagazaga yote. Lingelala chini. Kwenye lami ya mjini ni sawa. Ukiingia kwenye bonde kwa mwendo, springi inaisha, hakuna iliyobaki. Tumbo la gari linagonga chini, na tairi zinapoteza barabara."

"Kona ya tano," Mjomba akasema, "inakatwa na mfereji."

Akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu. Hakuangalia kama ni safi.

Mpaka rangi alikuwa amesimama na kitambaa mdomoni. Siku ile springi zilipofungwa, gari la Kaka liliposhushwa kutoka kwenye jeki, lilikaa chini kuliko zamani. Mpaka rangi ndiye aliyesema, "Limekaa kama kuku anayeatamia!" Kaka akamjibu, "Kuku mama yako. Hilo ni chui anavizia." Gereji nzima ikacheka hadi Mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Nilicheka," mpaka rangi akasema. "Niliona, nikacheka." Akageuka kuutazama ukuta, mabega yanamcheza.

Daktari ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Lakini nani alivirudisha vile vibati?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," Mjomba akasema.

Alisema bila kunitazama. Mpaka rangi ndiye aliyegeuka akanitazama, kisha akalitazama kopo, kisha akatazama chini. Katika gereji ile hata paka anajua nani anarudisha vitu vidogo.

"Nilivirudisha mimi," Mjomba akarudia. "Macho yangu ya siku hizi unayajua, Daktari, uliniambia nibadilishe miwani. Mtaalamu, andika. Andika kwamba fundi alikosea, nikutilie sahihi, mnunuzi asiwe na wasiwasi."

Mtaalamu akaandika juu ya bega la gari. Mjomba akatia sahihi.

Kisha akachukua drili, akazitoa ribiti za kile kibati chenye tone la njano, akakibandua kwenye gari la mwanawe. Akaja nacho hadi kwenye gari la Daktari, akatoa na kile cha Kaka kilichokuwa pale. Akaninyooshea.

"Piga ribiti, mwanangu."

Nikazunguka gari nikae vizuri, kama ninavyofanya siku zote.

"Hapana," akasema kwa upole. "Simama huku. Upande wangu."

Ndugu msomaji, alikuwa anajua. Sijui alijua tangu lini, labda dakika ile ile, kwa kunitazama tu ninavyozunguka. Alijua kushoto kwangu kulikuwa wapi siku ile. Na bado alikuwa ametia sahihi.

Nikapiga ribiti nne. Daktari akaondoka na gari lake na kibati chake. Mtaalamu alipopita karibu nami alisema, "Pole, dada," nami kama kawaida yangu sikujibu.

Mjomba akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kila kidole peke yake. Akavua ovaroli, akaitundika kwenye msumari. Ilikuwa bado saa nane mchana. Sijawahi kumwona akiivua kabla ya saa kumi na moja.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza siku nzima.

"Kumwambia mama yake."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba si mwendo kasi. Miezi saba anamlaumu mtoto. Kila nikiingia chumbani namkuta anaongea na picha, 'Kwa nini hukupunguza, baba, kwa nini hukupunguza.' Nimwambie mtoto hakukosa. Nimwambie mimi ndiye niliyemfungia springi za gari la mtu mwingine, kwa sababu nilichanganya vibati."

"Mjomba, si wewe uliye..."

"Nyamaza, mwanangu." Akaniwekea mkono kichwani, kama siku aliyonichukua kwenye msiba wa mama yangu. Ulikuwa unanuka sabuni. "Mtoto nimebakiwa na mmoja. Mama akijua ni wewe atakuchukia, na hatataka kukuchukia, na itamuua. Mimi ameshanizoea. Wewe nyamaza. Si ndiyo kazi unayoijua kuliko zote?"

Alitaka kunichekesha. Akajaribu hata kutabasamu.

Akaondoka. Nikamwona anapita kando ya lile turubai bila kuligusa, anapanda ngazi mbili za nyuma, anafungua mlango wa jikoni. Nikamsikia Mama, "Mbona umevua ovaroli mapema? Unaumwa?" Kisha mlango ukafungwa.

Nikabaki na kopo.

Mjomba alikuwa amejitwika kosa la binti aliyekosea upande wa meza. Kosa la namna hiyo mtu anaweza kumbebea mwenzake. Lakini hakujua anabeba nini, kwa sababu kuna kitu sikuwahi kumwambia yeye, wala Mama, wala mpaka rangi, wala ninyi Jumamosi zote hizi.

Springi zilifungwa siku tatu kabla ya mashindano. Kuifungua springi ya mbele lazima ufungue boneti, maana boliti zake za juu ziko mle mle. Mjomba alikuwa chini, Kaka alikuwa na spana juu, mimi nilikuwa nimeshika taa. Mkono ulichoka. Nikaihamisha taa mkono wa pili, na mwanga ukaangukia nyuma ya injini, kwenye kibati.

Nikaliona tone la njano.

Nilijua papo hapo. Nilijua kama mtu anavyojua amesahau jiko linawaka. Nikaangalia mahali gari la Daktari lilipokuwa limeegeshwa, patupu, lilishaondoka wiki nyingi nyuma. Nikataka kusema. Lakini pale walikuwa wamesimama wanaume saba, wenzake Kaka wa mashindano, wanataniana, na gari liliposhushwa wakacheka habari ya kuku na chui. Na mimi nikiongea mbele ya watu saba sauti inanitoka kama ya mbuzi. Nikajiambia, kibati ni bati tu. Nani anakisoma? Nitamwambia baadaye tukiwa wawili.

Usiku wa kwanza sikumwambia. Wa pili sikumwambia. Nilikuwa nafikiri: wakijua nimekosea kitu cha mteja, kopo watapewa wengine, na mimi bila lile kopo ni nani katika nyumba hii?

Asubuhi ya tatu Kaka akaja kwangu peke yake. Alikuwa ameshika kofia ya chuma kwapani. Aliona. Yeye alikuwa ananiona hata nikiwa sijasema, hakuna mwingine aliyekuwa hivyo. Akainama tukawa uso kwa uso.

"Kopo, tangu juzi unanitazama kama unanidai. Una neno?"

Tulikuwa wawili. Hapakuwa na wanaume saba. Hapakuwa na mtu.

"Sina," nikasema.

Akanigonga kichwani kwa kidole, akaenda.

Sasa nilikuwa nimesimama pale pale aliponigonga. Mle ndani Mjomba alikuwa ameanza kuongea. Sikusikia maneno, nilisikia tu sauti yake inapita chini chini, inasimama, inaanza tena, kama gari lisilotaka kuwaka.

Nikaliweka kopo juu ya gari la Kaka. Nikazipanda zile ngazi mbili. Mlango ule hauna komeo, ukiusukuma unalia.

Ukalia.

Mjomba alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Mama, amemshika mikono. Wote wakageuka. Mjomba akatikisa kichwa, mara moja, taratibu: hapana, mwanangu.

"Mama," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi, na nikaendelea. "Asubuhi ile Kaka aliniuliza kama nina neno, nikamwambia sina. Nilikuwa nalo. Kibati kile hakikuwa chake, nilikiweka mimi, na nilijua kabla hajawasha gari."